Bendera Kumi na Sita za Mjomba

Kila asubuhi, kwa miaka ishirini na miwili, mjomba wangu alipanda juu ya paa la lile jengo la vioo mjini kwetu mpakani na kupandisha bendera kumi na sita. Jengo ni makao makuu ya jumuiya inayopigania uhuru wa watu kuvuka mipaka. Sisi wenyeji kazi yake tunaijua vizuri: kila inapokutana, mpaka unafungwa.

Wanasema ni kwa usalama. Wajumbe wasije wakakutana na mtu anayevuka.

Mwaka mmoja walikutana wiki nzima, na bibi yangu, mama yake mjomba, alikuwa hoi kitandani kwa mama mdogo, ng'ambo ya daraja la mpakani. Kwa miguu ni dakika ishirini. Akiwa kule juu kwenye milingoti, mjomba aliliona hata bati jipya la jikoni kwao. Jumatatu alijaza fomu ya kibali cha kuvuka. Penye sababu ya safari akaandika: kumwona mama. Jumanne akamfuata mkuu wake wa kazi.

"Bosi, nisaidie hicho kibali. Mama hali yake mbaya."

"Pole sana, ndugu yangu. Ila anayesaini yuko mkutanoni."

"Wanajadili nini siku zote hizo?"

Mkuu akakohoa. "Si unajua. Watu kuvuka."

Jumatano mama mdogo akapiga simu. Bibi ametutoka, mazishi kesho saa nne.

Alhamisi mjomba alipandisha bendera zote hadi kileleni, kama utaratibu unavyotaka, kisha akazishusha zote nusu mlingoti. Hakuagizwa na mtu.

Hapo ndipo wakubwa wetu walipong'ara. Walishuka kwenye magari meusi, wakatazama juu, nyuso zikabadilika. Kila mmoja alidhani aliyefiwa ni mwenzake, na kuuliza ni aibu: balozi mzima hajui habari? Wakapeana pole kwenye korido. Mkuu wa mjomba, aliyejua, ghafla akaona kamba za kiatu chake zimelegea. Saa nne kamili mwenyekiti akawasimamisha wote dakika moja kumkumbuka "mpendwa wetu".

Mimi, mhudumu wa mkutano, nilikuwa napanga chupa za maji mezani. Nililia bila kujificha. Mjumbe mmoja akanipa kitambaa, akaninong'oneza, "Alikuwa mtu mkubwa sana."

"Sana," nikamwambia.

Mkutano ukaisha kwa kuazimia kukutana tena. Jumamosi mpaka ukafunguliwa, na kibali cha mjomba kikatoka na mihuri mitatu. Darajani askari kijana akakisoma kwa sauti, "Kumwona mama." Akatutazama nguo zetu nyeusi, akasita.

"Mzee, sababu bado ni hii hii?"

"Hiyo hiyo, mwanangu," mjomba akasema.

Tukavuka.