Maji Yanapoa

Ndugu yangu, Alhamisi ile ya kabla ya Pasaka niliingia katika kanisa la kijijini kwetu na mabeseni mapya, mazito, yasiyopasuka ovyo. Niliyaleta kwa gari langu mwenyewe kutoka mji wa Mugumu, karibu na mbuga ya Serengeti, nilikojenga nyumba ya wageni. Sitajificha: nyumba ile ni jasho langu. Niliondoka hapa nikiwa msichana na sanduku la bati, nikarudi na stashahada ya hoteli, na leo kila chumba changu kina maji ya moto. Mgeni anafungua bomba tu.

Nilipoyapanga mabeseni mbele ya mabenchi, nikajikuta natafuta kwa macho kitu ambacho hakikuwepo. Moshi.

Zamani Alhamisi hiyo ilianza na moshi. Bibi yangu ndiye aliyekuwa mtu wa maji. Hakuwa mzee wa kanisa, hakuimba kwaya, wala hakuwahi kusimama mbele kusema neno. Kazi yake ilikuwa kukoka moto nyuma ya kanisa na kupasha maji ya kuoshana miguu kabla ya Meza ya Bwana. Msimu huo ni wa mvua na kuni huwa mbichi, kwa hiyo alizikausha mapema kwenye uchaga juu ya jiko lake. Nguo zake zote zilinukia moshi, hata ile ya Jumapili.

Tulikuwa na kichekesho chetu. Hakuna mwanamke aliyetaka mwenzake aone nyufa za visigino vyake, basi asubuhi ile mto ulijaa akina mama wakisugua miguu kwa mawe. Tulikwenda kuoshwa miguu tukiwa tumeshaiosha. Bibi aliyatazama mabeseni baada ya ibada, maji meupe kabisa, akasema, "Mngenipa majani tu, tunywe chai."

Mwaka mmoja ng'ombe wa jirani waliingia kwenye ulezi wa bibi wakaumaliza. Ulezi ule ndio uliokuwa uji wetu na ugali wetu. Jirani, mama mwenye ulimi mkali, badala ya kuomba radhi alisema shamba lisilo na uzio linakaribisha wageni. Tangu hapo hawakusalimiana, na kanisa zima lilijua. Kanuni nayo ilijulikana: mwenye kinyongo haoshwi, na asiyeoshwa hagusi mkate.

Alhamisi ikafika. Akina mama wakakaa wawili wawili, kila mmoja na rafiki yake. Jirani akaingia amechelewa, ametoka kuswaga ng'ombe, matope hadi kwenye vifundo. Hakuna aliyemsogelea. Akakaa benchi la mwisho karibu na mlango, akamwambia mke wa mchungaji, "Leo nikitoka hapa, sirudi tena."

Bibi kwa desturi yake alisubiri wote wamalize, kisha akaoshana na yeyote aliyebaki bila mwenzi. Akajitwika beseni hadi benchi la mwisho, akapiga magoti. Sisi watoto mkekani tukanyoosha shingo.

"Usijisumbue, mama," jirani akasema, akivuta miguu chini ya benchi. "Matope yenyewe ni ya njia ya shambani kwako."

"Nayajua. Lete mguu, maji yanapoa."

"Wewe huwezi kunipigia magoti mimi. Mwenye kosa ni mimi."

"Magoti yameshafika chini. Kuyainua ndiyo kazi. Lete mguu."

Mguu mmoja ukatoka, halafu wa pili. Maji yakawa mekundu kama udongo wa kwetu. Beseni hilo peke yake ndilo lililochafuka mwaka ule. Kisha jirani naye akaosha ya bibi, polepole, kichwa chini, na wakaula mkate pamoja. Msimu huo tulikunywa uji wa ulezi kutoka ghala la jirani mpaka mavuno mengine.

Bibi alishatangulia. Siku hizi kanisa lina bomba, na wasichana wanakuja na kucha za rangi. Mtoni hakuna anayesugua kisigino. Lakini jirani yupo, mzee sana, na nilimkuta benchi lile lile. Nikampigia magoti na beseni langu jipya lenye maji ya bomba.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwenye hoteli." Akachovya kidole gumba cha mguu, akakitoa haraka. "Wazungu kwako wanaoga ya moto. Sisi unatuletea haya?"

Benchi zima likacheka, nami nikacheka. Nikaenda nyuma ya kanisa. Mafiga yalikuwepo bado, majani yameota katikati. Nikaazima sufuria kwa mchungaji. Kuni zilikuwa mbichi, maana hakuna tena anayezianika, nikapuliza mpaka gauni langu la kitenge cha bei likanuka moshi. Watu walinisubiri.

"Yanatosha?" nikamuuliza, miguu yake ikiwa ndani.

"Ya bibi yako yalikuwa moto zaidi," akasema. Lakini hakuitoa.

Hotelini kwangu tunapika kwa gesi. Wafanyakazi wanauliza kwa nini nimejenga uchaga jikoni na kuupangia kuni. Nawaambia waziache hapo hapo, zikauke.