Paa Ambalo Sikumwonyesha Kaka

Nilikosea mimi, wala msinisaidie kutafuta wa kulaumiwa. Nilinunua nyumba Same nikamficha kaka yangu, na kaka yangu ni fundi wa mapaa.

Ilikuwa miaka ile foleni za sukari zimekwisha, madukani kila kitu kipo, ila kazi ndiyo hakuna. Shamba la mkonge lilitupunguza, nikapewa kiinua mgongo. Kaka aliposikia alinitumia ujumbe kutoka Chome, kwetu milimani: nikitaka nyumba nimwite kwanza, apande darini aangalie.

Sikumwita. Nasema ukweli kwa sababu hamnijui. Kwetu, ndugu akiwa na nyumba mjini, hiyo ni nyumba ya wote. Watoto wanne wa kaka wangeshuka kuja kusoma. Nikamwambia nimepanga chumba. Choyo gani kile!

Basi nikaikagua mwenyewe, tena kiangazi, jua linawaka. Silingibodi za dari zilikuwa mpya, nyeupe pe. Nilipotaka kuchungulia juu, muuzaji alisema rangi haijakauka, nitamchafulia. Nikaona haya kubishana na mtu mzima, nikasaini.

Kumbe mchwa walishamaliza kenchi, zile mbao zinazobeba bati, zikabaki maganda! Silingibodi zilipigwa ili kuficha. Mvua za kwanza zilipokuja na upepo wetu huu, vumbi la mbao likaanza kutuangukia kwenye chakula. Mke wangu akasema tumwite shemeji. Nikakataa. Nikasimamisha gogo katikati ya sebule, nikaliita nguzo.

Masika, mchana mmoja, paa la chumba cha watoto likashuka lote. Walikuwa shuleni. Mke wangu alikitazama kitanda kilichovunjika chini ya bati, hakulia. Alifunga nguo, akawachukua watoto, akaenda kwao Kwakoa.

"Sirudi chini ya paa hilo," aliniambia, "mpaka shemeji aseme limekaa sawa."

Ndipo nikapanda Chome. Nilimkuta kaka amekaa nje na fimbo, macho yamekwisha kabisa. Shikamoo yangu aliipokea vizuri. Nikamweleza yote.

"Nyumba yako naijua," alisema. "Nilishuka mnadani, watu wakanionyesha. Nikasimama barabarani, nikaona bati zimebonyea katikati. Nikajua kenchi zimeliwa."

Nikamuuliza mbona hakupiga hodi.

"Uliniambia umepanga chumba, mdogo wangu. Nikasubiri uniite. Wakati huo bado nilikuwa naona."

Hakunifukuza. Mkewe alinipakulia makande, nikala nimeinamisha kichwa. Heri wangenitukana!

Paa limeezekwa upya na fundi wa mjini, kila ubao nimeugonga kwa mkono wangu. Masika mbili zimepita bila tone kuingia. Nilipompelekea mke wangu habari, aliuliza jambo moja tu: shemeji kasemaje? Nami nimjibu nini, wakati kaka haoni? Chumba cha watoto ni kikavu, na ndani hakuna mtu. Jioni napika chakula cha mtu mmoja, na bado kinabaki.

Jamani, mkinunua nyumba pandeni darini, rangi ikauke isikauke. Na kama una ndugu anayejua mapaa, mwite mapema, hata kama atakuja na watoto wake wanne. Leo wangekuja hao wanne ningewapa vitanda vyote, mimi nikalala sakafuni.