Mate ya Mzee wa Buteba

Aliyenibaka ni mzaliwa wa kwanza wa mzee mwenye ng'ombe wengi kule Buteba. Jina lake polisi wamenikataza kuandika. Haidhuru, kwetu ukisema hivyo tu kila mtu anajua. Alinikamata jioni nikitoka kuuza mihogo, njia ya Sikuda. Sura yake niliiona, nikaisema siku ileile, polisi na hospitali. Kesho yake akavuka mpaka, akapotelea upande wa Kenya. Boma lao likasema mimi mjane mwenye njaa, nafuata ng'ombe zao.

Askari wa kike aliyeshika kesi yangu alinieleza polepole, maana shule niliiacha njiani. Kile daktari alichotoa mwilini mwangu kimepimwa, kuna alama ya kiume ndani yake. Alama hiyo baba humpa mtoto wa kiume, naye humpa wake, haibadiliki hovyo. Ndugu wa baba mmoja wanayo ileile. Basi hata mkosaji akikimbia, ndugu yake anatosha kuanzia.

Mzee akaambiwa alete mtoto mmoja wa kiume. Akamleta yule mtulivu, anayemchungia ng'ombe. Wakamsugua shavuni kwa pamba. Majibu yakarudi: hapana.

Siku hiyo boma zima lilikunywa pombe ya malwa. Sokoni mke wa mkosaji akasimama mbele yangu, watu wakisikia. "Mama, hata mashine imekukataa," akasema. "Tafuta mume wa kweli." Wakacheka hata wale wanaonunua kwangu.

Sasa, yule mtulivu alifika pale boma akiwa mgongoni mwa mama yake. Mzee alitoa ng'ombe, mama akaolewa, mtoto akawa wake. Kwetu hapo maneno yameisha, kumwita wa kuja ni mwiko. Sijui kama mzee alifanya ujanja. Nadhani aliamini kabisa kwamba ng'ombe walimaliza kila kitu. Lakini mashine haijui mahari.

Nikaenda kituoni nikausema ule mwiko mbele ya watu. Yule mtulivu akasikia, akanifuata nje. Akaniuliza, "Mama, mimi nimekukosea nini?" Hakunikosea kitu. Ningesema tena hata leo.

Wakachukua mate ya mzee mwenyewe. Yakakubali.

Askari akanionya kwamba alama hii inaonyesha ukoo, haichagui mtu; watoto wake wengine wa kiume wanayo, na wa ndugu zake pia. Nikamwambia vizuri, waite wote. Mzee akaja kwangu na fahali mmoja, tuyamalize nyumbani, niseme giza lilinidanganya.

"Mzee," nikamwambia, "mate ni yako. Mtoe huyo mmoja, au mkae nayo wote."

Akaondoka na fahali wake. Polisi wakaanza kuwaita watoto wake, na wake zao wakaanza kuwauliza walikuwa wapi jioni ile. Hilo nililifurahia, sifichi. Mwisho ndugu wa mkosaji wenyewe walivuka mpaka, wakamtoa alikojificha, wakamleta mchana kweupe amefungwa kamba ya ng'ombe.

Kesi haijaisha. Kila ikitajwa nakwenda mapema mahakamani Tororo, nakaa benchi la mbele, akigeuka anione. Watu wa kanisa wananiambia nimsamehe, ndipo nitapumua. Napumua vizuri tu.