Micro Yenye Nguvu Kupita Kiasi

Ukitaka kumjua Nadège, mtazame akinunua maharagwe kwenye soko la Butembo. Hayanusi, hayaonji. Analiinua gunia kidogo kwa goti, na lile linalomsumbua goti ndilo analochukua. Anasema hajawahi kupata hasara kwa njia hiyo, nasi wateja wake hatuna haja ya kubishana naye. Balaa ni kwamba siku alipokwenda kununua kifaa cha gita, alikwenda na akili ile ile.

Maana Jumapili Nadège si muuza maharagwe. Ni mpiga gita la solo wa kwaya ya parokia. Kwa upande wa magita, katika kwaya zetu kuna besi, kuna akompanyamo, na kuna solo, na huyo solo ndiye anayeachiwa njia waimbaji wanapovuta pumzi. Nadège alikaa kwenye akompanyamo miaka na miaka, akirudia mapigo yale yale ya kusindikiza huku wanaume wakipokezana kiti cha solo mbele yake. Mmoja alikwenda Manguredjipa kutafuta dhahabu, mwingine aligombana na kila mtu hadi akabaki bila wa kugombana naye. Kiti kilipomfikia mwishowe, alikikalia kwa uzito wake wote, na hakuwa na nia ya kuinuka.

Kisha micro ya gita lake ikafa. Micro, kwa asiyejua, ni kile kipande chembamba chenye sumaku kinacholala chini ya nyuzi na kuzitolea sauti kwenye spika. Gita la Nadège linazo tatu, lakini iliyokufa ni ile ya kupigia solo, ya mwisho, karibu kabisa na daraja, pale nyuzi zinapofungwa, kwa kuwa sauti yake ni kali na inakata. Zile nyingine mbili zinaongea kama mtu aliyejifunika blanketi.

Ananie, muuza redio na vifaa vya muziki, alimwekea mbili mezani. Ya kwanza ilikuwa ya kawaida, nyepesi. Ya pili ilikuwa na waya umezungushwa mara mbili na sumaku nene chini yake; Ananie aliishusha juu ya fungu la funguo, na funguo zikaruka zenyewe kuifuata. Nadège alizipima zote mbili kiganjani. Nzito ikashinda, kazi ikaishia hapo.

“Mama, ile iko na nguvu mingi,” Ananie akamwambia. “Ni ya bale banapigaka muziki ya makelele.”

Nadège alisikia nusu ya kwanza tu. Kanisa ni kubwa, spika ni za zamani, nguvu ndiyo hasa aliyokuwa akiitafuta. Ananie akailehemu siku ile ile.

Kwenye mazoezi, alipopiga noti ya kwanza, kwaya nzima iligeuka kumtazama, naye akadhani wanampongeza. Sauti ilikuwa nene, yenye mikwaruzo, noti zikikanyagana, na akina mama wa sauti ya pili walifungua vinywa bila kusikika. Maestro Éliakim, kiongozi wa kwaya, ni mtu anayekemea kwa upole, na hilo ni baya kuliko kupigiwa kelele.

“Nadège, bamama banaimba na hatubasikie,” alisema. “Dimanche iko fête ya paroisse. Kama gitare inaendelea kubafunika vile, solo itashikwa na clavier, na weye utarudia ku accompagnement.”

Nadège hakutaka kinanda kimpokonye solo Jumapili ya sikukuu ya parokia, akajaribu kila kitu. Alipunguza sauti kwenye kitufe, gita likawa na mafua. Alilegeza skrubu na kuishusha micro hadi ikakaribia kumezwa na mbao. Ikatulia kidogo, lakini unene ulibaki pale pale. Hapo ndipo alipoelewa, na alijikasirikia kweli kweli. Sauti ya solo hainunuliwi kwa goti. Alihitaji micro inayojua kuwaachia wengine nafasi, nayo alikuwa ameiacha mezani kwa Ananie.

Alirudi mbio. Ile nyepesi ilikuwa imeshachukuliwa na mtu wa Kanyabayonga, na kitu kilichokwisha kulehemiwa duka halikipokei. Ila Ananie alimwonea huruma, akakumbuka kuna Jordy, kijana wa ofisi moja ya serikali kule Beni, aliyeletwa kikazi kutoka Kinshasa, ambaye kila mara alimuuliza kama hana micro yenye nguvu.

Basi Nadège akaing’oa ile micro, akaifunga kwenye pindo la kitenge, akapakia na magunia ya maharagwe, kwani mtu wa Butembo hafiki Beni mikono mitupu, na kesho yake alikuwa barazani kwa Jordy. Kilio cha kijana kilikuwa kinyume cha chake. Alipiga katika kanisa la uamsho, penye ngoma na vigelegele, na gita lake, alisema, lilikuwa linaogopa watu. Akamkabidhi gita hilo ajaribu. Nadège alipiga sebene, ule mchezo wa gita wa kuwachezesha watu, polepole, na kila uzi ukasimama peke yake, safi, mwembamba, wenye makali. Alikaza uso kama anavyoukaza sokoni, lakini moyoni alikuwa tayari kupiga magoti.

“Yaya, tubadirishe?” Jordy akauliza, akimwita dada mkubwa kwa heshima ya kwetu.

Bingwa wa kuvutana bei alishindwa kuvuta hata kidogo. “Tubadirishe sasa hivi,” alisema, “mbele ya weye kufikiri mara ingine.”

Siku ya sikukuu, micro ya Jordy ikiwa imeshalehemiwa kwenye gita lake, alikuta kinanda kimeshawekwa karibu na maestro, na Bénie, mpiga kinanda, amekaa wima bila kumtazama mtu. Wimbo wa kuingia Nadège akaupiga kwa adabu tu. Yalipofika matoleo, watu wakaja wakicheza na ndizi zao na mbuzi, akina mama wakaimba Kinande hadi mwisho wa mstari, wakavuta pumzi. Éliakim akainua mkono, ukasita hewani kati ya wale wawili, kisha ukamwangukia Nadège.

Akaingia. Gita likapita katikati ya sauti bila kumgusa mtu, na akina mama waliporudi walisikika wote, hadi wa mstari wa nyuma. Éliakim akafumba macho, akazungusha kidole: tena. Nadège akarudia, na ule uzito wa wiki nzima ukamtoka kifuani, akawa anacheka huku anapiga.

Misa ilipokwisha, Bénie alimfuata mbio na kumkamata mikono yote miwili. Nadège alijiandaa kumfariji.

“Yaya, Mungu akubariki,” Bénie alisema, macho yamemjaa machozi. “Ile solo nilijifunza juma muzima. Haikuniingia hata kidogo, na nilikosa namna ya kumuambia maestro.”