Gari ilikataa kuwaka siku ya kupeleka wazee Subukia

Wakuu, habari za asubuhi. Hii ilinipata mimi mwenyewe juzi, na sijaongeza hata chembe.

Jumamosi tulikuwa tunatoka Nakuru kwenda Subukia kwa kina mchumba wangu Wangari, kupeleka wazee wakapose. Baba yake ni mzee wa kanisa, na kwake wageni huingia kabla ya chakula cha mchana. Ukichelewa, utapangiwa siku nyingine. Na Wangari alikuwa ameniambia wazi kwamba siku nyingine yeye hangoji.

Tulikuwa wanne: mimi, Baba, Mjomba, na Shangazi Tabitha aliyekaa mbele kwa sababu ya magoti.

Injini iko on, radio inaimba. Shangazi akasema hatuendi bila maombi. Nikazima gari, nikatoa ufunguo. Naye wakati huohuo akabonyeza kitu chini ya dashboard, akafumba macho.

Amina. Nikazungusha ufunguo. Kimya.

"Hiyo ni battery," akasema Mjomba. Taa zinawaka vizuri, lakini ni battery. Jirani akaleta jumper cables. Wapi!

Baba akasema ni plugs. Mtu wa boda akasimama bila kuitwa: "Boss, hiyo ni fuel pump, nimeziona mob, kibao."

Nakuru kila mtu ni fundi, mpaka gari iharibike.

Tukaisukuma. Wazee wa suti, kwenye matope, mpaka kwa kona. Hapo ndipo Mjomba akauliza, "Kwani hii si automatic?"

Ni automatic. Haiwaki kwa kusukumwa hata ukiifikisha Keringet.

Wangari akapiga: "Mko wapi?" Nikamwambia tuko barabarani. Si uongo, gari ilikuwa katikati ya barabara. Lakini nilitaka kulia.

Shangazi, ambaye tulimsukuma akiwa ndani, akatuita tuombe tena. Mimi niliacha jicho moja wazi.

"Amina," akasema, akanyoosha kidole chini ya dashboard. "Haya, nimekurudishia radio yako." Tik.

Wakuu, hiyo si swichi ya radio. Ni cut-out, niliyowekewa ili mwizi asiweze kuwasha gari. Imefichwa vizuri hadi mimi mwenyewe niliisahau. Radio ilinyamaza kwa sababu nilitoa ufunguo, yeye akadhani ni kidole chake.

Nikawasha. Ikanguruma. Mjomba akapiga makofi, Baba akafuta machozi. Sasa ningesema nini?

Tulifika sahani zikitolewa mezani, baba mkwe amekunja uso. Shangazi akasimama, akaonyesha matope kwenye suti zetu, akatoa ushuhuda wa gari iliyowaka kwa maombi. Mzee akalainika kabisa, akasema watu kama hawa hawafukuzwi. Tukakubaliwa. Wangari alinikanyaga mguu kwa furaha.

Nilichojifunza: jua kila swichi kwenye gari yako, na ukiwa kwa wakwe, nyamaza.

Shida ni leo. Trekta ya baba mkwe imekataa kuwaka tangu asubuhi. Hajaita fundi. Amenipigia nimpeleke Shangazi, na Shangazi tayari ameshafunga kilemba, ananingoja kwa gari.

Wenye kujua trekta, semeni chochote. Nitaendesha polepole.