Kisima cha Saidi Pale Mkunya

Nakumbuka, mwanangu, asubuhi moja pale Mkunya iliyoanza kwa vigelegele. Kaka yangu Saidi alikuwa ndani ya shimo. Hatukumwona, tulisikia sauti yake tu ikipanda kama ya mtu anayesemea ndani ya mtungi. Bakari, mwenzake wa kuchimba, alivuta kamba, ndoo ikatoka, na udongo uliokuwamo ulikuwa umelowa. Hayakuwa maji, ulikuwa unyevu tu, lakini mama alichota kidogo akaufinya, ukashikana mkononi. Akapiga kigelegele. Wanawake waliokuwa wakipita na ndoo tupu wakaitikia, nami nikaitikia.

Kabla jua halijafika utosini, kuta za shimo lile zilimeguka, Saidi akabaki chini.

Nimekueleza mapema, mwanangu, ili usinisikilize kwa tumaini lile ambalo sisi tulinyang'anywa. Ninalotaka ulisikie ni lile lililofuata, maana nusura tumpoteze mtu wa pili, na huyo asingeuawa na udongo. Angeuawa na midomo yetu.

Ilikuwa enzi za ruksa. Wafanyabiashara walianza kuja wenyewe na malori kununua korosho, mitumba ikafika hadi vijijini, na kila mtu aliambiwa ajitafutie. Mashine iliyokuwa ikisukuma maji kutoka bondeni kuja huku juu ilikuwa imenyamaza. Leo dizeli hakuna, kesho kifaa kimevunjika. Wenye mapaa ya bati walikinga mvua kwenye visima vya saruji, na vikikauka wakawa sawa na sisi. Sisi wa nyumba za nyasi tuliteremka kwenye chemchemi chini ya ukingo wa nyanda zetu, tukapanda na ndoo kichwani, miguu ikitetemeka. Mama alikuwa ameanguka kwenye njia ile. Aliamka akicheka ili tusiogope, lakini tangu siku hiyo alitembea ameshika kiuno.

Saidi alimwona akitembea vile aliporudi kutoka Tunduru. Alikwenda huko na vijana wenzake kutafuta madini ya vito, akarudi bila utajiri, ila na ufundi wa kuchimba na rafiki mmoja, huyo Bakari, kijana mpole wa Nanganga. Saidi akasema, "Mama, nitakuchimbia kisima hapa hapa uani. Hutateremka tena."

Mwenye kauli kwetu alikuwa mjomba wetu, kaka yake mama, kama ilivyo desturi ya Wamakonde. Alikuwa mwalimu mstaafu, Mwislamu kama sisi, ingawa alifundisha miaka mingi kule Lulindi kwenye shule ya misheni na watu wa huko walimpenda. Alilizunguka lile shimo likiwa bado changa, akachukua mchanga akaumwaga taratibu kati ya vidole.

"Saidi, hapa maji hayakai. Yanapita."

"Mjomba, maji yakipita si lazima yawe yamefika mahali?"

"Yamefika, ndiyo. Yamefika kule anakokwenda kuyachota mama yako. Chini ya miguu yetu ni mchanga juu ya mchanga. Na kama huwezi kuacha, basi zivike kuta mbao kwanza, ndipo uendelee kuteremka."

Saidi hakuwa mtu wa dharau. Alimjibu kwa upole kwamba wakifika kwenye unyevu majirani watapata moyo, watachangia mbao. Mjomba akamtazama mama aliyekuwa ameshika kiuno pale mlangoni, akaondoka. Nadhani hata yeye alitamani mpwa wake awe ndiye mwenye kupatia.

Sasa narudi kwenye ile asubuhi. Baada ya udongo mbichi, Saidi alipiga kelele kutoka chini, "Mchanga mweupe! Mwepesi kama unga!" Alifurahi, kwa kuwa sururu haikuhitajika tena. Ndoo zikawa zinatoka haraka. Bakari alikuwa amesimama ukingoni, kamba mkononi, midomo yake ikichezacheza. Mimi nilikuwa karibu naye nikimwaga mchanga pembeni. Kisha nikasikia mshindo mzito, wa chini, kama gunia lililoangushwa chumba cha pili. Kamba ikamvuta Bakari, akaanguka kifudifudi, na vumbi likapanda usoni mwetu.

Wanaume wa Mkunya walichimba mpaka mikono ikachubuka. Bakari walimtoa pale ukingoni kwa nguvu, kwani alitaka kurukia ndani. Walipompata Saidi alikuwa amekwisha tangulia. Tulimzika siku ile ile.

Matanga hayakuisha kabla maneno hayajaanza. Watu wa madini, wakasema, hupata vito kwa kutoa kafara. Mbona Bakari alibaki juu siku ile? Mbona midomo yake ilikuwa ikicheza? Aliyeuliza alijijibu mwenyewe, na kila jibu lilipofika nyumba ya pili lilikuwa limenenepa. Vijana wakaanza kulizunguka banda alimolala. Mwenyekiti wa kijiji, akiogopa damu, akaitisha mkutano, akatuma mtu kuniambia niwe tayari kusema nilichokiona, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa karibu.

Mwanangu, sikuwa na nia mbaya. Nilikuwa msichana aliyemaliza shule juzijuzi, nimefiwa na kaka aliyenibeba mgongoni. Uchungu wangu ulitaka mahali pa kukaa, na Bakari alikuwa pale, hana ukoo kijijini, hana wa kumsemea.

Asubuhi ya mkutano Mjomba akaja.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Somoe, leo utasema nini?"

"Nitasema alikuwa akinuiza maneno shimoni."

"Ulimsikia?"

"Nilimwona midomo ikicheza."

"Nimekuuliza kama ulimsikia."

Hakupaza sauti, afadhali angepaza. Alisema, "Umesoma shule ambayo nimeigharamia kwa kukosa shati, halafu unataka kumuua mtu kwa jambo ambalo hukulisikia? Vaa kandambili zako, twende."

Akanipeleka hadi ukingoni, pale ambapo nyanda zetu zinakatika ghafla na bonde la Ruvuma linafunguka kule chini. Njia ya maji imekata udongo pale, nami niliipita kila siku bila kuitazama. Mjomba aliweka kiganja chake kwenye ule ukuta. Juu mchanga mwekundu. Chini yake tabaka jembamba la kijivu, lenye kushikana. Chini ya hilo mchanga mweupe mkavu. Aliugusa kwa kidole tu, ukamwagika, na kipande cha tabaka la kijivu kilichokuwa juu yake kikakosa cha kukishika, kikaanguka miguuni petu.

Sikuhitaji kuambiwa. Nilikaa chini nikalia.

Aliniacha nilie. Kisha akaketi, akanionyesha upande wa Masasi, ambako siku ikiwa safi ile milima ya mawe huonekana kama migongo ya wanyama waliolala. "Unaiona? Unadhani ilikuwepo siku zote?" Akaanza kunieleza, polepole, kama mtu anayemlisha mgonjwa.

Alisema dunia hii ilianza kama vumbi na mawe yaliyolizunguka jua, yakagongana na kushikamana mpaka yakawa donge kubwa, moto mtupu, limeyeyuka. Vilivyo vizito, chuma hasa, vikazama katikati na kuwa kiini. Vyepesi vikabaki juu, vikapoa, vikaganda, kama uji wa muhogo unavyoota utando ukiepuliwa. "Utando huo ndio tunaoulimia," alisema. Kati ya utando na kiini kuna mwamba wa moto mnene ajabu. Si maji, ni mwamba, lakini kwa joto na muda mrefu husogea kama nta iliyoachwa juani. Na utando wa juu haukubaki kipande kimoja. Umepasuka mapande makubwa, na mapande hayo yanasogea, polepole kama kucha inavyokua, hata sasa tulivyokaa.

"Zamani ambayo akili haiwezi kuishika," akaendelea, "mapande mawili yaligongana hapa. Ardhi ikakunjamana, ikainuka milima mirefu kuliko yote unayoijua. Ile ya Masasi ni mizizi yake. Jiwe lake lilipikwa chini sana, likakandamizwa, na leo linaonekana kwa sababu yote yaliyokuwa juu yake yameliwa na mvua na upepo."

"Yamekwenda wapi?" nilimuuliza.

"Baadaye sana nchi zikaachana tena. Bara hili na Bukini, kile kisiwa kikubwa kilicho ng'ambo ya bahari, vilikuwa vimeshikana. Vikatengana, bahari ikaingia katikati. Mito ikashusha mchanga kutoka bara, ikaumwaga huku pwani, tabaka juu ya tabaka. Kisha ardhi ikainuka taratibu, tukapata nyanda hizi. Tunaishi juu ya vumbi la milima iliyokufa, Somoe. Ndiyo maana muhogo na mikorosho inatupenda na maji yanatukimbia. Mvua ikinyesha inazama moja kwa moja, mpaka ikutane na udongo mzito kule chini, hapo ndipo inatokea chemchemi. Ule unyevu aliouona Saidi ulikuwa umeshikwa na kitabaka chembamba tu."

Kisha akasema jambo ambalo sijalisahau. "Ardhi haikumchukia kaka yako. Haimjui. Ina taratibu zake, na ilikuwa nazo kabla ya mtu wa kwanza. Sisi ndio wenye kupenda na kuchukia. Usiuchukue uzito wa mchanga ukambebesha mtoto wa watu." Akageuza uso, na ndipo nilipomwona Mjomba akilia, kwa mara ya kwanza tangu msiba.

Mkutanoni walinisimamisha. Bakari alikuwa ameketi chini peke yake. Nilisema niliyoyaona: kwamba udongo mbichi ulitoka, kwamba Saidi mwenyewe alitaja mchanga mweupe mwepesi, kwamba ndoo zikawa nyingi na haraka, na mshindo ukaja. Kuhusu midomo ya Bakari nilisema, "Niliiona. Sikusikia neno."

Pakawa na manung'uniko. Mzee mmoja akasema msichana amefundishwa la kusema. Mjomba akasimama, akawaambia, "Msimwamini yeye wala mimi. Twendeni ukingoni, kila mmoja aguse kwa kidole chake." Baadhi walikwenda, nao walirudi wakitazama chini. Lakini vijana walibaki wamesimama, na fimbo zao bado mkononi.

Ndipo mama yangu aliponyanyuka. Hakuwa amesema neno tangu mazishi. Akamwendea Bakari, akasimama mbele yake.

"Ulikuwa ukisema nini pale?"

"Nilikuwa nahesabu ndoo, mama, ili nijue amefika wapi. Huko Tunduru tulikuwa tukifanya hivyo."

"Na yeye alisema nini mwisho?"

Bakari akainamisha kichwa. "Aliniambia, 'Mama akiamka kesho ateremke kwenye maji, mwambie alale tu.'"

Mama akakaa pale pale mchangani, akamvutia kichwa chake mapajani. Akawaambia wale vijana, "Huyu ni mwanangu. Anayetaka kumpiga aanze na mimi." Fimbo zikashuka moja moja. Hakuna aliyetangaza kuwa mkutano umekwisha. Watu waliondoka tu.

Bakari alibaki kwetu hadi arobaini, akalifukia lile shimo kwa mikono yake, ndipo akarudi Nanganga. Hakuchimba tena. Alilima, akaoa, na kila msimu wa korosho alikuja kumsalimia mama hadi mama alipofariki. Mimi nilikwenda chuo cha ualimu. Miaka yote niliyofundisha jiografia, somo la kwanza sikulifanyia darasani. Niliwapeleka wanafunzi ukingoni nikawaambia waweke kiganja.

Nasaha yangu kwako ni hii, mwanangu. Ijue ardhi unayosimama juu yake kabla hujaiomba kitu, kwa sababu upendo mkubwa kama wa Saidi haukuzuia mchanga kumeguka. Ukiambiwa vika kuta kwanza, vika, hata kama wenzako wanapiga vigelegele. Na siku uchungu utakapokufika, kwani utakufika, usikimbilie kutafuta mtu wa kumtwika. Uliza kwanza kilichotokea. Sema ulichokiona, na ulichokosa kukisikia sema hukukisikia, hata kama kijiji kizima kinakungoja useme vingine.

Nenda kasome, usiogope ukubwa wa mambo haya. Mungu akupe miguu inayojua inapokanyaga na ulimi usiodhulumu mtu. Awajaalie watoto wako maji karibu na nyumba, na akuzeeshe kwa amani juu ya mchanga huu wetu. Amina.