Siku Nilipothibitishwa Kuwa Baba

Mimi nikipenda kitu sina kiasi, na mwaka ule nilipenda aplikesheni. Umeme nilinunua kwa simu, maji nililipa kwa simu, fomu ya leseni ya duka niliijaza nikiwa kitandani. Nilikuwa nimezeeka kwenye madirisha ya ofisi za Babati nikiambiwa mhusika ametoka, njoo Jumatatu. Sasa mhusika alikuwa mfukoni mwangu, na akitoka namnunulia bando anarudi.

Kwa hiyo ulipokuja uhakiki wa wastaafu, nilimwambia Baba asihangaike. Baba alifundisha shule ya msingi kule Sigino mpaka akastaafu, na sasa anaishi kwangu Maisaka. Kila mstaafu alitakiwa kuthibitisha kwamba bado yu hai, la sivyo pensheni inasimama. Niliiacha kazi hiyo mpaka siku ya mwisho, maana jambo la dakika mbili la nini kuliharakisha?

Baba akanyoa ndevu, akavaa koti, akaketi mbele ya ukuta mweupe. Simu ikaandika: pepesa macho, geuza uso, tabasamu. Baba akakauka.

"Baba, pepesa macho."

"Picha ya serikali haipepeswi."

Kizazi chake kilipigwa picha studio, kwa nadra, na mpiga picha alikuwa na amri zake: nyoosha shingo, usicheke, usipepese. Ukiiharibu, unalipa tena. Katika picha ya harusi yake, yeye na marehemu Mama wanaonekana kama watu wanaosubiri hukumu.

Simu ikasema imeshindwa kuthibitisha kuwa yu hai, na zimebaki nafasi mbili. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

"Imesemaje?"

"Imesema umekufa."

"Iambie haina adabu."

Mara ya pili alifumba macho kabisa kama yuko kwenye sala, na alipoambiwa ageuze uso aligeuka na kiti. Ikakataa. Kicheko kikaniisha. Pensheni ile ndiyo inayomnunulia Baba dawa za presha, na hajawahi kuniomba hata shilingi. Kuanza kuniomba kungemuua kweli, na uzembe ungekuwa wangu.

Nikaamua kumfundisha kabla ya nafasi ya mwisho. Nikajigeuzia simu. "Tazama, Baba, ni hivi tu." Nikapepesa, nikageuza shingo, nikatoa meno yote.

Simu ikalia. Hongera, mstaafu amethibitishwa.

Nilitazama ule uso kwenye kioo. Upara, mifuko chini ya macho, nyusi zilizokutana. Nina miaka hamsini na miwili, na hakuna aliyekuwa amenionya. Nilijisikia vibaya kwa muda mfupi, kisha nikapiga makofi. "Tumemaliza!"

"Nani amemaliza?" Baba alikuwa ameshasimama. "Umenifanyia mtihani."

Huyu ndiye mtu aliyenichapa darasa la tano, mbele ya wenzangu, kwa kuchungulia daftari la jirani. Nilimweleza kwamba mtambo umeridhika na hakuna atakayejua. Akatoka nje kusimamisha bajaji.

Ofisini, dada wa dirishani alimwamkia, akabonyeza kompyuta, akasema mzee ameshahakikiwa, arudi akapumzike.

"Marahaba, mwanangu. Aliyehakikiwa siyo mimi," Baba akasema, kwa sauti ya darasani. "Ni huyu hapa."

Foleni nzima ikanigeukia. Laiti ardhi ingepasuka nikaingia. Yule dada alimtazama Baba, akanitazama mimi, akafuta ule uhakiki, kisha akamshika Baba mkono na kumwekesha dole gumba.

Tulipotoka, Baba alisimama kwenye ngazi kuvuta pumzi. Ilimchukua muda mrefu kuliko nilivyozoea.

"Uso wangu unao," akasema. "Siku nikifa, usije ukanipepesea macho."

Nilicheka nikasema sawa, Baba. Hakusogea. Alinikazia macho mpaka nikasema tena, bila kucheka.